Nafasi ya Sauti ya Kwanza

6 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na bado unawatoa jasho wanakwaya wako. Sisi huku hatujambo. Goti la Baba limeanza tena ujeuri, lakini ukimwuliza anasema ni kiatu. Mama amenunua mapazia mapya ya sebuleni na sasa hataki mtu afungue dirisha, yasije yakashika vumbi, kwa hiyo tunaiva humo ndani. Mdogo wangu amepata leseni ya udereva na nyumba nzima imeapa kutopanda naye.

Najua unajiuliza barua ya nini wakati simu zipo. Simu ndiyo sababu yenyewe. Siiwezi tena, Shangazi. Mtu akinipigia, sauti yake inakuja kama anaongea chini ya godoro, nami naitikia "ehee, ehee" mpaka anakata. Juzi nilimwitikia hivyo mteja aliyekuwa ananiuliza kama ni kweli kabati lake limepasuka.

Nimekwenda hospitali. Nilikwenda peke yangu, nikamwambia Mama nafuata msasa wa karakana. Daktari wa masikio alinifungia kwenye kijumba kidogo chenye dirisha la kioo, akanivisha vitu masikioni, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikakaa na kidole tayari. Nikasubiri. Nikamwona kupitia kile kioo anaandika, anaandika tena, na mimi bado nasubiri mlio wa kwanza. Kumbe milio ilikuwa inapita.

Anasema mishipa ya ndani ya masikio inakufa taratibu. Zinaanza kupotea sauti nyembamba za juu, kisha ugonjwa unashuka ngazi kwa ngazi. Dawa hakuna. Vifaa vya kuvaa vitanisaidia kidogo, kwa muda. Lini utafika chini kabisa hajui. Huenda ni miaka, huenda mwaka huu huu.

Naogopa, Shangazi. Kazini naogopa, nikila naogopa, mtu akinigusa bega nashtuka kama mwizi. Mimi ndiye ninayeendesha msumeno wa meza, na msumeno ule ubao ukiubana huwa unalia kwanza. Siku hizi haulii. Yaani unalia, wenzangu wanageuka, na mimi naendelea kusukuma.

Sasa ombi langu. Wewe umefundisha kwaya tangu sijazaliwa. Kwangu mimi muziki ulikuwa kama redio ya jirani: upo, basi. Nifundishe kuusikiliza wakati bado upo. Nataka kujua ndani yake mna nini, ili ukiondoka nijue ni nini kimeondoka.

Na tafadhali usimwambie Baba. Atauza nyumba atafute daktari mwingine.

Mtoto wa kaka yako,
Chiriku


19 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama mlangoni, nikaimaliza nimekaa. Huku tu wazima. Mzee wangu tangu astaafu anapanga vijiko vyangu kwa urefu, na jana nilimkuta anaandika majina kwenye makopo ya jikoni kana kwamba mimi ndiye mgeni humu. Kwaya ipo. Sauti ya nne bado wanachelewa mazoezi, wote kwa pamoja, utadhani wanapigiana simu.

Mimi si mtu wa kubembeleza, unanijua. Nikijaribu maneno laini yatatoka makavu. Kwa hiyo nakupa kazi.

Kwenye flashi niliyoifunga humu kuna wimbo mmoja tu. Tuliurekodi mwaka jana ukumbini kwetu. Una jina lake zuri, lakini sisi tunauita Ule Mrefu kwa sababu hauishi. Utausikiliza huo huo mpaka uuote. Anayerukaruka nyimbo kumi haujui hata mmoja.

Kwanza, maneno yaache. Najua yanavuta, lakini waache waimbaji waseme wanayosema. Tafuta mapigo. Kila muziki una mapigo yanayotembea chini yake, hata pasipo ngoma, na mguu wako utayajua kabla yako. Ukishayashika, sikiliza lipi ni zito, maana hapo ndipo pa kuanzia kuhesabu. Ni zito-jepesi, zito-jepesi, kama mtu anayepanda ngazi? Au zito-jepesi-jepesi, kama mama anayembembeleza mtoto alale? Mimi sikuambii. Kisha angalia mwendo: wapi tunaharakisha, wapi tunavuta miguu. Ukikuta tunavuta miguu bila sababu, hao ni sauti ya nne.

Baba yako sitamwambia. Lakini habari ya msumeno mwambie msimamizi wako. Hilo sikuombi, nakuagiza.

Shangazi yako


8 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu na anauliza kama yale mapazia unayataka, maana ameyachoka. Baba sasa anatembea na fimbo, anasema ni ya kufukuzia mbwa. Mbwa hatuna, wala jirani hana.

Ni zito-jepesi-jepesi! Nilihangaika jioni nne nzima, nikawa nahesabu mbili mbili na kila mara najikwaa. Kisha nikiwa nasukuma ubao, nikajikuta nauyumbisha mwili, nikajua. Tangu hapo siwezi kuacha. Nafagia kwa tatu, natafuna kwa tatu. Gundi, yule mwenzangu wa kuunganisha meza ambaye hata akienda harusini ananuka gundi, aliniuliza kama nimepata mchumba.

Na kweli mnaharakisha. Mkikaribia kiitikio mnakimbia kidogo, halafu neno la mwisho mnalikalia. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kusikia hivyo. Nimeufurahia mno, kisha nikakumbuka kwa nini nausikiliza, na furaha yote ikaniganda mwilini.

Nikuambie jambo, lakini usinikemee. Msimamizi sijamwambia. Juma lililopita ubao ulibana. Gundi anasema aliniita mara tatu. Mimi nilichojua ni kwamba mtu amenikamata kola ya shati na kunivuta nyuma, na ubao ukapita pale tumbo langu lilipokuwa, ukagonga ukuta. Kila mtu alikuwa ananitazama. Nikacheka. Nikasema nilikuwa nawaza mambo ya mchumba.

Nipe kazi nyingine haraka.

Chiriku


20 Machi

Chiriku,

Marahaba. Naona hujambo, kwa kuwa unaandika. Mzee wangu hajambo. Mapazia sitaki.

Sikukemei. Nilitaka, nikachana karatasi mbili, nikaona muda nao tunauhitaji. Mwambie msimamizi. Mwambie kesho asubuhi, kabla hujavua koti.

Haya. Mapigo umeyapata, sasa tafuta tuni. Tuni ni njia: inapanda, inashuka, mara inaruka, na kila wakati inatamani kurudi ilikoanzia. Ukitaka ushahidi, mwimbie mama yako mstari mzima, ukifika neno la mwisho nyamaza. Utamwona hatulii. Ataumalizia mwenyewe.

Halafu kuna rangi ya sauti. Kinanda na gitaa vinaweza kupiga noti ile ile, na bado unajua kipi ni kipi, kama unavyojua kikohozi cha baba yako hata kikitokea nyuma ya ukuta. Usisikilize wanaimba nini. Sikiliza wameumbwa kwa kitu gani, mbao au waya au koo. Angalia pia pale tunapoimba kwa nguvu na pale tunapopunguza. Tukipunguza sauti, wasikilizaji husogea mbele kwenye viti. Mimi hupenda sana kuwaona wakisogea.

Kazi yenyewe ni hii. Wimbo una sauti nne zinazoimbwa kwa pamoja, na uzuri wake uko katika kukaa moja juu ya nyingine bila kukanyagana. Chagua sauti moja, ifuate tangu mwanzo hadi mwisho, kama unavyomfuata mtu mmoja sokoni bila kuwaangalia wengine. Anza na ya nne, wanaume wazito wale wa chini. Kisha ya tatu, kisha ya pili. Sauti ya kwanza iache mwisho. Hiyo hata aliyelala huisikia, na kwenye Ule Mrefu kuna mahali inakwenda ambapo sitakuambia. Nataka upaone mwenyewe.

Shangazi


11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hapa nyumbani ni salama. Mama nilimwimbia ule mstari nikanyamaza. Alivumilia kama dakika moja hivi, akaumalizia kwa hasira, kisha akaniuliza nina nini. Nikasema sina kitu.

Sauti ya nne nimewafuata. Ni kweli wanachelewa, lakini wakifika wanakaa imara kama miguu ya meza. Kuna noti moja wanaivuta mpaka namwonea huruma mwenye mapafu madogo kuliko wenzake. Ya tatu ni wajanja, hawatulii, wanapita katikati ya wengine. Ya pili nilihangaika nao, kwa sababu nilikuwa nadhani wao ndio tuni yenyewe. Nimewafuata hadi mwisho nikagundua hapana, wanasindikiza tu. Wanasindikiza kitu.

Shangazi, wanamsindikiza nani?

Kwenye kiitikio, mara ya pili, sauti ya nne inavuta noti yake, ya tatu na ya pili zinasogea pembeni, kama watu wanaompisha mtu kwenye korido. Nikasubiri anayepita. Hakuna aliyepita. Nikaurudisha. Nikabadilisha spika. Nikaweka sikio la kushoto, nikaweka la kulia. Korido ni tupu.

Naomba uniambie ukweli. Siku ile sauti ya kwanza hawakuimba? Au wameimba, na ni mimi?

Chiriku


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Labda barua yangu ilipotea njiani, au yako. Huku wote wazima.

Wimbo sijaufungua tena. Kila siku nikirudi kazini natazama chini ya mlango kabla ya kutazama kitu kingine.

Nijibu hata kwa neno moja.

Chiriku


9 Mei

Chiriku wangu mpenzi, ua la nyumba ya kaka yangu,

Marahaba nyingi, na salamu tele kwako, kwa baba, kwa mama na kwa dereva wenu. Samahani kwa kuchelewa. Paa la ukumbi lilivuja, tukahamisha viti, tukavirudisha, tukavihamisha tena. Benchi la sauti ya nne limevunjika katikati na wote wakaangukiana. Tulicheka hadi mazoezi yakafa. Mzee wangu amejifunza kupika mayai na sasa tunakula mayai tu. Nimebadilisha miwani. Jirani yetu amepaka nyumba rangi ya kijani ambayo macho yanaiogopa.

Kuhusu swali lako: sauti ya kwanza siku ile hakuwepo. Alikuwa na mafua. Tukarekodi hivyo hivyo kwa sababu fundi mitambo alikuwa na haraka. Nilisahau kukuambia. Kwa hiyo sikio lako ni zima, umesikia sawasawa, na tena umesikia vizuri kuliko wanakwaya wangu wengi.

Somo linalofuata ni umbo la wimbo: ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, na kile kipande kigeni kinachokuja mara moja tu. Sikiliza pia kimya. Kimya nacho kimehesabiwa.

Akupendaye,
Shangazi


30 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako ilinifanya niruke. Nilimwambia Gundi kila kitu: masikio, daktari, wewe, sauti ya kwanza mwenye mafua. Nilikuwa na furaha hiyo. Wakati wa mapumziko tukazima mashine, nikachomeka flashi kwenye spika ya karakana ili asikie mwenyewe jinsi ninavyozijua sauti zangu tatu. Nikawa namwonyesha kwa kidole: hawa ni wa nne, hawa ni wa tatu.

Kwenye kiitikio Gundi akainua uso. Akasema, "Na huyu mama wa juu je? Mbona humtaji? Anapaa huyu!"

Nikadhani ananitania. Nikawatazama wengine. Fundi wa vanishi alikuwa amefumba macho. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, ameacha kunywa. Wote walikuwa wanasikiliza mahali ambapo kwangu palikuwa patupu.

Nilimwomba Gundi aurudishe, akiinua mkono kila huyo mama anapopanda na kuushusha anaposhuka. Mkono wake ulipanda, ukapanda tena, ukakaa juu ukitetemeka kidogo, kisha ukashuka polepole mno. Ndivyo nilivyoipata sauti ya kwanza ya Ule Mrefu. Niliitazama.

Jioni nikamwuliza Baba, kama mtu anayeuliza tu, ni nani anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yako. Akasema, "Nani mwingine? Shangazi yako. Pale kwenye kiitikio huimba peke yake, hakubali mtu amguse." Kisha akaniangalia, akaiweka fimbo chini, akasema, "Unaniuliza kwa nini?" Nikamweleza yote. Sasa Baba anajua, Mama anajua.

Ni wewe niliyekukosa, na ukanidanganya. Siogopi giza wala siogopi kufa kama ninavyoogopa watu kuanza kunidanganya kwa huruma, kwa sababu mimi ndiye nitakayekuwa wa mwisho kujua. Nikishakuwa kiziwi nitaishi kwa kuamini wanayoniambia wengine. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuniambia, na umeniambia uongo.

Usinitumie somo lolote.

Chiriku


14 Juni

Chiriku,

Marahaba. Habari za huku nitakupa siku nyingine.

Nilikudanganya. Barua yako ya Aprili ilipofika, nilisoma yale maneno ya korido tupu nikiwa nimekaa kwenye kinanda. Nimeimba pale miaka yote. Nilikuficha kwa majivuno tu, nilitaka ushtuke ukisikia ni mimi. Kisha ukaniandikia kwamba hakuna aliyepita. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kukuandikia neno lile kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika habari za mayai. Nisamehe. Sitakufanyia hivyo tena, hata likiwa jambo la kunitoa machozi mimi.

Hukutaka somo, na hili si somo. Nimeacha sauti ya kwanza. Nimempa msusi wetu, binti mwenye pumzi nzuri, anahitaji tu kuacha kunitazama kwa woga. Mimi nimehamia sauti ya tatu, na wanaume. Walicheka, mmoja akaniuliza kama nitaanza na kunyoa ndevu. Wiki mbili nilikuwa napotea, nimezoea juu, huku chini napapasa kama mtu aliyehamia nyumba nyingine. Mwisho wakanisogezea kiti. Tumekubaliana kwamba kwenye kiitikio, mara ya pili, msusi ananyamaza na tuni naibeba mimi kutoka huku chini.

Tumeurekodi upya juzi. Flashi imo humu. Mpe Gundi asikilize kwanza kama huniamini; una haki hiyo. Mimi sikuambii utasikia nini, kwa sababu sijui.

Shangazi yako


3 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba amekubali kwamba ni goti. Anasoma barua hii begani kwangu, kwa hiyo naandika kwa adabu. Msimamizi nilimwambia, nikidhani ananifukuza. Amenihamishia kwenye kupiga msasa kwa mkono, na msumeno ameuchukua Gundi. Vifaa vya masikioni nimevipata. Vinawasha.

Gundi sikumpa. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni karibu na spika. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba ubeti wote wa kwanza sikuusikia kwa kelele za moyo wangu mwenyewe. Nikaurudisha. Nikatafuta mapigo kwanza, kama ulivyonifundisha, nikayashika. Sauti ya nne wakaingia, wamechelewa. Sauti ya pili wakasogea pembeni.

Ukapita wewe. Ulikuwa chini, mzito, hujazoea bado, na ukivuta pumzi una kikwaruzo fulani. Nilikujua kwa kile kikwaruzo kabla hata ya tuni. Nililia kwa sauti, Mama akagonga mlango, nikamfungulia, tukaketi wote wawili tukakurudisha mara nyingi sana.

Jumatatu nilirudi kwa daktari. Ugonjwa umeshuka ngazi nyingine. Nilimwomba anionyeshe kwenye karatasi yake ulipofika na wewe ulipo, akaweka kidole hapa, kisha hapa. Havipo mbali, Shangazi. Chini ya hapo huna pa kuhamia, na sitaki uhame.

Mwezi ujao nimepewa likizo, nakuja. Nitakaa benchi la nyuma ya sauti ya tatu. Ukianza kuimba nitaweka kiganja mgongoni mwako, kati ya mabega, nawe usigeuke, endelea tu. Nataka mkono ujifunze kukujua sasa, masikio yakiwa bado yapo ya kuuonyesha ni wapi.

Wako,
Chiriku